Kuosha raba Jumapili jioni

Nakuru, Aprili

Karai la maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande, mswaki wa zamani na magazeti ya juma lililopita. Jumapili ya mkimbiaji huishia hapo kibarazani. Msimu huu wa mvua ndefu, Nakuru hunyeshewa zaidi alasiri na jioni, kwa hiyo asubuhi anga huwa safi huku tope likiwa bado bichi, na raba hurudi nyumbani zimekuwa nzito kama za mchimba mtaro.

Kwanza tope likauke. Ukilimwagia maji likiwa nene, linapenya kwenye kile kitambaa cha wavu na kukaa humo hadi mwisho wa maisha ya kiatu. Likikauka, toa kamba, vuta soli ya ndani, gonganisha raba mbili mpaka mabonge yadondoke, kisha sugua kwa mswaki na povu kidogo. Zisilowekwe usiku kucha. Maji yakikaa muda mrefu gundi huachia, na mara nyingi huanza kuachia mbele, pale kiatu kinapojikunja kila hatua. Jaza gazeti ndani, ulibadilishe mara mbili kabla ya kulala, na uzianike kivulini penye upepo. Jua kali ni adui kuliko tope: hulegeza gundi na kuikausha ile sponji iliyo kati ya kitambaa cha juu na soli ya chini.

Soli ikishakuwa safi, juma zima linasomeka. Kulika upande wa nje wa kisigino si tatizo, watu wengi hukanyaga hivyo. Kinachonisimamisha ni pale kiatu kimoja kinapolika tofauti na mwenzake. Hapo mara nyingi kosa ni la barabara. Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo anayekimbia barabarani anafaa kukaa kulia, ayaone matatu na bodaboda zikimjia. Hilo halina mjadala. Lakini lami huinuliwa katikati ili maji yatiririke, na ukingoni inainama. Anayekimbia kulia kila siku anatua na mguu wa kulia chini kidogo kuliko wa kushoto, maelfu ya hatua, na baada ya wiki kadhaa nyonga inaanza kulalamika au upande wa nje wa goti unawaka moto. Mtu hununua raba mpya, na maumivu yanabaki palepale. Angehamia kijia cha vumbi kando ya lami, au uwanja wa shule, au mitaa ya ndani yenye magari machache, angepona bila kutoa shilingi.

Raba nyingi za mazoezi huchoka kati ya kilomita 600 na 800. Kwa anayekimbia kilomita 40 kwa wiki, hiyo ni miezi minne au mitano tu, na hesabu hii inawatisha watu. Ndiyo maana wengi wetu tunanunua mitumba, na mtumba unataka macho. Usiitazame rangi. Bonyeza sponji kwa kidole gumba kutoka ubavuni: iliyo hai hubonyea na kurudi, iliyokufa ni ngumu kama ubao au imejaa mikunjo isiyofutika. Iweke raba juu ya meza, uitazame kutoka nyuma. Ikiegemea upande mmoja, mwenyewe wa kwanza ameshaifinyanga kwa mguu wake na goti lako litaifuata. Ikunje kwa nguvu, usikilize gundi. Kuna raba za mtumba zinazong'aa kwa sababu tu zilikaa stoo miaka mingi, na soli hubanduka nzima siku ya kwanza njiani. Fundi wa viatu atashona soli iliyobanduka, na atashona vizuri. Sponji haishoneki.

Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi zako za mbio, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Nafasi hiyo utaishukuru siku ya kushuka mlima Menengai.

Mji wa Nakuru uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Menengai unafika mita 2,278. Kwa hiyo mlima tunao mlangoni, na kila mtu anajivunia kuupanda. Mimi naona somo kubwa liko kwenye kushuka. Kupanda kunachosha moyo na mapafu, navyo hupumzika upesi. Kushuka, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki: inavutwa huku ikijikaza, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Maumivu hayaji siku hiyo. Yanakuja kesho na keshokutwa, unaposhuka ngazi ukishikilia ukuta. Kucha nyeusi ya kidole gumba nayo ni zao la mteremko, mguu ukiteleza mbele ndani ya kiatu kifupi au kilicholegea. Fupisha hatua, tua chini ya mwili badala ya kurusha mguu mbele, na katika wiki unayoongeza mteremko usiongeze pia kilomita.

Kisha kuna mwendo. Katika urefu huu wa Nakuru, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa, kwa hiyo kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Mwili huzoea, lakini pengo halifutiki. Mbio nyepesi lazima ziwe nyepesi kwelikweli. Kipimo ni mazungumzo: uweze kumsimulia mwenzako jambo zima bila kukata sentensi katikati ukitafuta pumzi. Kwa wengi wetu tunaokimbia kwa kupenda tu, hiyo ni dakika sita na nusu hadi saba kwa kilomita, na mlimani zaidi. Shida ni watoto wa njiani. Wakikuona tu, "Kipchoge! Kipchoge!" na miguu inapata kichaa. Tarehe 12 Oktoba 2019 kule Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, yaani dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita. Wapungie watoto mkono, wasalimie, na uendelee na mwendo wako. Siku ya kasi ipo, moja au mbili kwa wiki, na inafaa kuifikia ukiwa na miguu iliyopumzika.

Anayetoka huku kwenda kukimbia Kisumu hutarajia mteremko wa bure. Kisumu iko kama mita 1,130, hewa ni nzito zaidi, na kilomita mbili za kwanza kuelekea ufuo wa Dunga huenda zikakudanganya. Halafu joto linadai chake. Kando ya ziwa unyevu ni mwingi, jasho linatiririka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Anza kabla ya mapambazuko, umalize kabla ya saa mbili asubuhi, na uwe tayari kwenda polepole kuliko ulivyozoea Nakuru.

Kwa mbio zinazozidi saa moja na nusu kwenye joto la namna hiyo, maji matupu hayatoshi. Lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa kwa kisu, visirundikwe. Limau ni kwa ajili ya ladha. Kunywa kwa kufuata kiu. Kujijaza maji bila chumvi hupunguza makali ya chumvi kwenye damu, na hilo ni hatari kuliko kiu yenyewe. Chakula sitakizungumzia sana: ugali jioni, uji wa wimbi au kiazi kitamu kidogo asubuhi. Githeri ni chakula kizuri mno, ila si usiku wa kuamkia mbio ndefu, maana maharagwe yatakutafutia choo kilomita ya nane.

Jambo moja ambalo wakimbiaji wa miaka mingi hulijua na wapya hawaliamini: mapafu huimarika kwa wiki chache, kano kwa miezi. Ndiyo maana kano ya kisigino huuma hasa pale mtu anapoanza kujisikia ana nguvu. Dalili ni ugumu wa asubuhi, hatua kumi za kwanza kwenda bafuni. Simama kwenye ngazi kwa ncha za miguu, jiinue kwa miguu miwili, kisha ushuke taratibu kwa ule unaouma mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, mizunguko mitatu goti likiwa limenyooka, mizunguko mitatu likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Wengi huacha wiki ya tatu, maumivu yakipungua, na kuanza upya mwezi unaofuata. Maumivu ya mfupa ni habari nyingine kabisa. Ukiweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja kwenye ugoko au juu ya wayo, na yanazidi kadiri unavyokimbia, simama siku hiyohiyo uende hospitali.

Kamba nazo zimeoshwa. Zikirudishwa, tumia lile tundu la mwisho karibu na kifundo ambalo watu huliacha: ingiza kamba ifanye kitanzi kila upande, pitisha ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, ukaze kuelekea chini. Kisigino hakitapanda tena ndani ya kiatu, na vidole havitagonga mbele. Jumanne asubuhi raba hizi bado zitakuwa na unyevu kwenye ncha ya mbele. Itatoka jozi ya pili.