Sifuri Tatu

Mwaka 2007 nilikuwa mhudumu wa mapokezi katika gesti moja ya vyumba tisa mjini Mtwara, na kazi yangu ya usiku ilikuwa kuandika majina katika daftari la wageni, kuwapelekea watu ndoo ya maji pale bomba lilipokauka, na kusubiri. Wageni wetu wengi walikuwa madereva na wafanyabiashara wa korosho, lakini mara moja moja aliingia mzungu mwenye mkoba mkubwa mgongoni, vumbi hadi kwenye kope, aliyekuwa ametoka Msumbiji kwa kuvuka Mto Ruvuma au aliyekuwa njiani kwenda huko. Hao ndio walionifundisha kwamba wapo watu wanaokwenda nchi wasiyokuwa na ndugu wala biashara, ambako hawakuitwa na mtu, wakiongozwa na kitabu tu.

Mmoja wao aliniachia chake. Ulikuwa mwongozo wa bara zima la Afrika, mnene kama tofali, wenye kurasa zaidi ya elfu moja za karatasi nyembamba, uliochapishwa mwaka 2001. Yeye alikuwa amepata kingine, cha Msumbiji peke yake, kutoka kwa msafiri mwenzake waliyekutana naye hapo hapo barazani kwetu, na tofali lile hakulihitaji tena. Sura za nchi alizokwisha kuzipita alikuwa amezichana ili kupunguza uzito, kwa hiyo kitabu nilichokabidhiwa hakikuwa na Ethiopia, Kenya wala Uganda, na uti wake ulikuwa umelegea kama mdomo wa kibogoyo.

Jambo la kwanza nililofanya ni lile afanyalo kila mtu akishika kitabu kinachotaja kwao: niliwatafuta watu wangu. Mtwara ilikuwa imepewa nusu ukurasa, na Mikindani aya moja. Gesti yetu ilikuwamo, ila mtaa haukuwa wetu. Mgahawa uliosifiwa kwa samaki ulikuwa umegeuzwa ghala la korosho tangu nikiwa kidato cha pili. Msomaji alishauriwa aende Dar es Salaam kwa meli, kwa kuwa barabara haikupitika wakati wa masika na Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni. Huo ulikuwa ushauri wa haki kabisa siku ulipoandikwa, lakini Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na ingawa kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kututoa jasho, sasa tuliondoka Mtwara alfajiri na kuingia Dar usiku ule ule. Kuhusu Mikindani, kitabu kilitaja nyumba aliyofikia David Livingstone mwaka 1866, alipokuwa akianza safari yake ya mwisho. Kwamba alipita Mikindani mwaka huo hakuna anayebisha. Kuhusu nyumba yenyewe wazee wa pale wana maoni yao, na mmoja aliwahi kuniambia kwamba, kama Livingstone alilala humo, basi alilala kwenye kiwanja.

Palikuwa pia na onyo. Msafiri alitahadharishwa kuhusu vijana watakaomfuata stendi wakijifanya wenyeji wema, wakitaka kumbebea mzigo na kumwonyesha gesti. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu kabla ya kupata kazi ya mapokezi kijana huyo wa stendi nilikuwa mimi. Nilichukua penseli ya daftari la wageni, nikaanza kusahihisha pembezoni mwa ukurasa.

Baadaye nilikuja kuelewa jinsi vitabu hivi vinavyozeeka. Mwandishi hupita mji kwa siku moja au mbili, hukusanya bei na nyakati za mabasi, kisha huandika. Kitabu huhaririwa, huchapwa na kusafirishwa, na kinapofika dukani habari zake aghalabu zina umri wa mwaka au zaidi, halafu msomaji hukaa nacho miaka mingine. Kazi yenyewe ni ya zamani. Karl Baedeker alikuwa akichapa miongozo ya wasafiri nchini Ujerumani katika karne ya 19, na miongozo ya vijana wenye fedha kidogo ilipata nguvu mwaka 1973, pale Tony na Maureen Wheeler, waliokuwa wamesafiri kutoka London hadi Australia kwa kupitia Asia, walipotoa kijitabu chao cha kwanza na kuanzisha Lonely Planet. Cha kwangu kilitoka kwa wachapaji wengine, nao sitawataja, maana kosa ninalotaka kulisimulia lilikuwa langu zaidi kuliko lao.

Kosa lenyewe ni kwamba, nikiwa nimekwisha kuona kwa macho yangu jinsi kitabu kilivyokosea mitaa ya kwetu, niligeuza kurasa hadi sura ya Msumbiji nikaiamini yote. Niliisoma usiku baada ya usiku, taa ya chemli ikiwa mezani, na mwezi wa Agosti niliomba ruhusa ya siku sita. Mama alipoona nafunga begi aliniuliza msiba ni wa nani. Nilipomjibu kwamba hakuna msiba, nakwenda kutembea tu, alinitazama kwa muda mrefu, akaniuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, kama nina deni la mtu.

Nilijiandaa kama kitabu kilivyotaka. Kurasa za mwisho zilikuwa na maneno ya Kireno, nikayakariri nikiwa nafagia baraza: habari za asubuhi, chumba ni kiasi gani, chapa, yaani gari la abiria, ya kwenda mji wa Palma inaondoka wapi. Bei za vyumba na nauli niliziandika kwenye kikaratasi. Zote zilikuwa za maelfu na malaki. Kitanda cha kawaida kilikuwa laki moja na nusu za metikali, fedha ya Msumbiji. Maelezo ya viza hayakunisaidia, kwa kuwa yaliwahusu Waingereza, Wamarekani na Waaustralia, wala hapakuwa na mstari hata mmoja uliodhani kwamba msomaji anaweza kuwa Mtanzania. Hilo nalo halikunishtua. Nilihisi kama mtu anayesoma barua ya jirani na kupata humo maelekezo ya njia anayoihitaji.

Pikapu iliondoka karibu na soko kabla ya jua kuchomoza, ikapitia Mahurunga, nasi tukafika Kilambo tukiwa na rangi moja sote, ile ya barabara. Nikagongewa muhuri wa kutoka, nikashuka mtoni. Maji yalikuwa haba, pantoni ilikuwa imelala pembeni bila kazi, na watu walikuwa wakivushwa kwa mitumbwi. (Ruvuma haikuanza jana kuwatesa wenye vyombo vikubwa: huyo huyo Livingstone alijaribu kuupanda kwa meli ya mvuke mwaka 1861, naye akarudi kwa sababu ya kupungua kwa maji.) Chini ya mwembe, karibu na wanawake waliokuwa wakiuza samaki wa kukaanga, alikaa mzee mwenye balaghashia na mfuko wa plastiki mapajani. Huyo alikuwa mbadilishaji fedha.

Kitabu kilikuwa kimenionya kuhusu watu wa namna hiyo kwa maneno makali kuliko yale ya vijana wa stendi. Nilimwamkia, akaitika marahaba, nikampa shilingi 60,000. Kwa hesabu niliyokuwa nimeipiga kwa kufuata kitabu, nilitarajia kupokea metikali karibu milioni moja, na nilikuwa nimeshajiuliza nitazificha wapi. Mzee alihesabu noti chache safi zenye picha ya Samora Machel, akanikabidhi. Nilizihesabu. Zilikuwa elfu moja na mia moja na ushei.

Nasimulia yaliyofuata kwa aibu ileile ya siku ile. Nilimwambia amenipunja. Alinijibu kwa upole kwamba fedha ni kamili, nami nikapandisha sauti, nikasema kwamba nimeambiwa habari zao, kwamba mpakani ni pa wezi na mimi si mgeni wa kuchezewa. Wapiga makasia waliacha kupakia wakasogea. Nikatoa kitabu kwenye begi, nikakifungua mbele ya uso wa mtu mwenye umri wa babu yangu, nikaweka kidole kwenye laki moja na nusu ya kitanda, nikamwuliza kitanda hicho nitakilipia nini kwa vinoti vile.

Mzee alikitazama kitabu, hakukigusa. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hicho kitabu kilizaliwa lini?"

Sikuelewa. Akarudia. Nikafungua ukurasa wa mwanzo, nikasoma mwaka kwa sauti: 2001.

"Basi hakijapata habari," alisema.

Akanieleza bila haraka, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba mwaka uliotangulia serikali ya Msumbiji ilikata sifuri tatu kwenye fedha yake. Elfu moja ya zamani ndiyo moja ya sasa, na kitanda changu cha laki moja na nusu kingekuwa mia na hamsini, kama kingekuwa hakijapanda bei. Nilipiga hesabu upya kichwani, mbele ya watu wote wale, na kila nilipoipiga ilitoka sawa. Alikuwa amejiwekea faida ndogo tu, ya haki kwa mtu aliyeamka alfajiri kukaa chini ya mwembe.

Mama mmoja wa samaki alicheka hadi akaweka karai chini. "Tangu lini mtu akaiba mbele ya mkewe?" aliuliza, ndipo nikajua kwamba huyo alikuwa mke wa yule mzee, na kwamba maneno yangu yote aliyasikia. Nilipiga magoti mchangani nikaomba radhi. Mzee alisema yamekwisha. Mkewe alisema hayajakwisha mpaka ninunue samaki. Nikanunua wawili, nao walikuwa wazuri.

Tulivuka mtumbwi mmoja, mimi na yule mzee, kwa kuwa alikuwa na shughuli ng'ambo. Katikati ya mto maji yalikuwa mafupi kiasi kwamba tuliteremshwa tukatembea juu ya fungu la mchanga, viatu mkononi, huku mpiga pondo akiburuta chombo kando yetu na kutuonyesha kwa kidevu mahali viboko walipokuwa wakipumulia. Hatukuzungumza sana. Nilikuwa nimekirudisha kitabu chini kabisa ya begi, chini ya shuka.

Ng'ambo kulikuwa na gari lililotupeleka kwenye ofisi ya uhamiaji. Nilikuwa nimekilinda Kireno changu kwa wiki mbili, na hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake, hivyo nikamsalimu afisa kwa sentensi nzima, kama ilivyoandikwa. Alisubiri nimalize, akatazama pasipoti, akaniuliza kwa Kiswahili kizuri kama korosho kwetu msimu ujao zina dalili ya bei. Kitabu kilisema kwamba sehemu zile mtu asiyejua Kireno atapata tabu kubwa ya kueleweka. Hakikukosea kwa yule kilichomwandikia. Huko Palma, ambako watu husema Kimwani na Kimakonde, sikuwahi kukosa mtu wa kuelewana naye, na usiku ule nililala kwa dada yake yule mzee, ambaye alikataa katakata kupokea zile mia na hamsini nilizozitenga kwa ajili ya kitanda na badala yake akanituma kisimani mara tatu.

Niliporudi Mtwara nilichukua penseli nikaipitia sura ya Msumbiji yote, nikifuta sifuri tatu katika kila bei niliyoikuta. Kazi hiyo ilinichukua usiku wa zamu mbili, maana bei zilikuwa nyingi na wateja walikuwa wachache. Penye maelezo ya Kilambo niliandika kwa Kiingereza kwamba chini ya mwembe yupo mzee, aaminiwe, na kwamba samaki wa mkewe wanunuliwe. Nikakiweka kitabu juu ya meza ya mapokezi.

Kilikaa hapo hadi mvua za mwaka uliofuata. Asubuhi moja nilipoingia zamu nilikuta kimechukuliwa, na mahali pake mgeni ameacha kingine, kinene vilevile na kipya zaidi, cha Kijerumani, ambacho pale gestini hapakuwa na mtu wa kukisoma. Nilikitafuta Mtwara katika ramani zake. Gesti yetu ilikuwa bado mtaa usio wake.