Nilivyoliokoa boksi la volti 6,600 lililopakwa rangi pasipotakiwa

Kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha kebo ya mota ya pampu ya mafuta, kwenye eneo la Zoni 1, yaani mahali ambapo gesi ya kulipuka inaweza kuwepo hata kazi ikiendelea kawaida. Boksi la kebo, pale kebo inapounganishwa na mota, ni zito, la chuma, lenye alama Ex d IIB T4: herufi "d" ni ya boksi linalohimili mlipuko ndani yake, IIB ni kundi la gesi, T4 ni daraja la joto. Tulikata umeme, tukafunga swichi kwa kufuli, tukapima gesi hewani, tukapima kama nyaya zimekufa, tukaweka ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) kwenye fezi zote tatu. Hatua ya ethi siharakishi kamwe, maana kebo ndefu ya umeme mkubwa huhifadhi chaji hata swichi ikiwa imezimwa.

Kifuniko kilipotoka nilishtuka. Flanji, zile nyuso za chuma ambapo kifuniko na boksi hukutana, zilikuwa zimepakwa rangi, na juu ya rangi kuna silikoni iliyokauka.

Nadhani aliyefanya hivyo alitaka kuzuia maji. Lakini boksi la aina hii halikutengenezwa kuzuia gesi isiingie. Gesi huingia, na cheche ikiilipua, boksi linahimili mshindo. Mwali unabaki na njia moja tu: mwanya mwembamba kati ya flanji mbili. Humo unagusana na chuma, unapoa, na unapofika nje hauna tena joto la kuwasha gesi iliyolizunguka boksi. Ule mwanya ndio kinga yenyewe. Rangi ikikaa pale, kifuniko hakilali sawasawa na mwanya unapanuka.

Mwenzangu alikuwa ameshashika brashi ya waya.

"Weka hiyo, kaka," nikamwambia. "Ukikwaruza flanji, hilo boksi halifai tena."

Tukatumia kikwanguo cha plastiki na kiyeyushi kisichokula chuma, polepole, karibu nusu siku. Kisha nikafunga kifuniko, nikapitisha vipimo vyembamba vya chuma pande zote na kulinganisha na mchoro wa mtengenezaji. Mwanya ulikuwa ndani ya kiwango. Nikafungua tena, nikapaka grisi isiyoganda na isiyo na silikoni, kwa sababu mvuke wa silikoni huharibu baadhi ya vitambua gesi. Boliti moja haikuwa ya daraja la wenzake; nikaagiza ya asili na kusubiri. Boksi halikupewa umeme mpaka boliti ilipofika siku ya pili.

Pampu za jirani zina maboksi manne ya aina hiyohiyo. Nimeomba yote yafunguliwe.