Nani alimrudishia dari yake?

Ilikuwa 2016, nimepanga chumba kimoja Kimara, na jumuiya yetu ya Kilutheri ilikuwa inasali kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba. Mi nilikuwa wale wa kukaa karibu na mlango ili ikiisha tu nisepe kazini. Jumatatu moja mwenyekiti wetu akanipigia, "Mwanangu, Jumamosi utatuongoza Neno, Marko mbili, mstari wa kwanza mpaka wa kumi na mbili." Nikamwambia mama mi sijawahi, akasema na sisi hatujawahi kukusikia, akakata simu.

Aisee ile wiki! Nikanunua kaunta buku mpya kama vile naanza fomu wani. Jumanne nikasoma ile habari nikaona mbona rahisi, mtu kapooza, wenzake wanne wamembeba, nyumba imejaa mpaka mlangoni, wakapanda juu wakatoboa dari wakamshusha, Yesu akamponya, kwisha. Dakika mbili. Na nimepewa nusu saa.

Ndo nikaanza kuchimba. Nikalinganisha na Luka 5 nikakuta Marko anasema godoro, Luka anasema kitanda, nikajaza nusu ukurasa ya godoro na kitanda, sijui nilidhani nani ataniuliza. Nikaingia Google bando lote likaishia kwenye mapaa ya Kapernaumu, ule mji ilipokuwa hiyo nyumba, yalikuwa bapa, boriti zimelazwa, juu yake matete na udongo ulioshindiliwa, kwa hiyo kupanda haikuwa ishu, ishu ilikuwa kutoboa. Alhamisi umeme ukakatika nikaandika kwa tochi ya simu mpaka simu nayo ikazima, nikalala na kurasa 9.

Ila kuna neno moja lilinikaba, mstari wa tano, Yesu "alipoiona imani yao". Yao! Sio ya mgonjwa, mgonjwa mwenyewe humo ndani hajafungua mdomo hata kidogo. Maana mwaka wa nyuma yake nililazwa na malaria, hoi kabisa, najitambua kwa mbali, na waliochanga hela ya matibabu ni hao hao wa jumuiya ambao mi nawakaliaga mlangoni. Hilo sikuliandika kwenye daftari, niliona aibu.

Ijumaa usiku nikafanya mazoezi mbele ya kioo, kwa sauti, nilipomaliza jirani wa ukuta wa pili akaitikia "Amina."

Asubuhi tukawa watu 11, sebuleni kwa bibi mmoja, wengine kwenye viti vya plastiki. Shikamoo zikapita, wimbo ukapita, nikafungua kaunta buku nikaanza kusoma macho chini kama karani, ukurasa wa kwanza, wa pili, nasikia mtu anapiga miayo na bado naendelea tu. Nimefika kwenye godoro na kitanda, bibi mwenye nyumba akanyoosha mkono.

"Mwanangu, na yule mwenye nyumba je? Nani alimrudishia dari yake?"

Kwenye kurasa 9 zote hilo halikuwepo. Kabla sijajibu kaka mmoja fundi wa kupaua akadakia, bibi hiyo kazi ya siku mbili tu kama udongo uko karibu, mwingine akasema na mvua ikinyesha kabla haujakauka? mama mmoja akasema wale wanne lazima walirudi kesho yake, hawawezi kuwa na roho ile halafu wamwachie mtu tundu, mara wote wanaongea kwa mpigo, aliyekuwa anapiga miayo ndo anaongoza. Nikafunga daftari.

Dakika zilipobaki chache nikawaomba niseme kitu. Nikasema ile hela ya malaria, mwaka jana, sijawahi kuwaambia asante. Sauti ikanitetemeka kidogo, kimya kikapita.

"Tunajua, mwanangu," bibi akasema. "Sasa na dari?"