Mkono husahau

Kigoma, Jumanne usiku

Mvua imenikuta Mwanga nikitoka zamu, nimelowa mpaka viatu, lakini siwezi kulala kabla sijaliandika hili.

Leo leba amezaliwa mtoto kimya. Mama yake alikuja kwa boti mpaka Kibirizi, uchungu umeshakolea. Nikamkausha mtoto, nikamsugua mgongo, bado amelegea. Dakika ile ya kwanza tunaiita ya dhahabu: haitakiwi iishe kabla mtoto hajapumua mwenyewe au hujaanza kumpulizia hewa. Nikashika ambubegi, mfuko wa kupulizia hewa wenye kinyago cha kufunika mdomo na pua, nikaminya. Kifua hakikuinuka. Mwenzangu, binti aliyetoka chuo juzijuzi, akasema kwa upole, "Sista, kichwa kimeinama, hebu kinyanyue kidogo." Nikakiweka sawa, nikakaza kinyago upya, nikaminya tena. Kifua kikapanda. Baada ya muda akalia, na mimi nikalia.

Cheti cha mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga apumue kimo kwenye faili langu. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga nimeihuisha. Ila tangu semina ile ni miezi mingi sijaigusa ambubegi, maana watoto wengi, Mungu ni mwema, hulia wenyewe. Kinachohitajika mara chache ndicho mkono unachokisahau upesi.

Hospitali ya Haydom, kule Manyara, waliliona hili kwa takwimu. Baada ya mafunzo ya siku moja, wahudumu walifanya vizuri kwa mwanasesere wa kujifunzia, lakini kwa watoto wenyewe kazi haikubadilika. Walipoanza mazoezi mafupi palepale kazini, dakika 3 hadi 5 kila wiki, vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka kama 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000. Dakika tano! Na sisi mwanasesere tunaye, amefungiwa stoo. Hilo linaniuma.

Nawawaza pia wenzetu wa zahanati za mwambao, huko alikotoka mama huyu. Usiku uko peke yako na taa ya sola; nani akwambie kichwa kimeinama?

Tumekubaliana kuanzia kesho, kabla ya kupokezana zamu, mmoja ampulizie mwanasesere, mwingine aangalie kifua. Nimemwomba yule binti asimamie. Akasita, eti mimi ni mkubwa kwake. Nikamwambia leo yeye ndiye aliyekiona kichwa.