Karakana ya watoto ianze na redio mbovu

Wazazi wa hapa Arusha wanaokuja kuandikisha watoto katika mafunzo yetu ya ufundi ya Jumamosi huuliza kwanza kama tuna roboti. Swali hilo lina msingi, kwani bodi ndogo za kielektroniki zinazopangiwa programu, kama Arduino iliyobuniwa Italia mwaka 2005, zimewawezesha vijana kutengeneza vitu ambavyo zamani vilikuwa kazi ya wahandisi peke yao, nasi tunazitumia kwa wakubwa kidogo. Hata hivyo, nashikilia kwamba mtoto aanze na redio iliyokufa, bisibisi na testa ya kupimia volti.

Redio mbovu haimtishi mtoto. Kwa kuwa hakuna wa kumgombeza kwa kuiharibu, huifungua kwa ujasiri, akakuta sumaku nyuma ya spika, akafuatilia waya mpaka kwenye sehemu ya betri, akaona kutu iliyokula vibati, akaikwangua kwa msasa. Na mara nyingine redio hukoroma, kisha ikazungumza.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la kuwasha taa nyekundu ya LED. Mtoto hupewa taa hiyo ikiwa imeunganishwa na rizista ya omu 100, kipande kinachopunguza mkondo wa umeme ili isiungue, pamoja na betri moja ya volti 1.5. Taa haiwaki. Anaigeuza, bado haiwaki, na hapo ndipo mtu mzima hushikwa na hamu ya kumnyang'anya waya na kumwonyesha. Nawasihi sana wasaidizi wangu wavumilie. Taa hiyo huhitaji takriban volti 2, na mtoto anayegundua mwenyewe, kwa kupima na testa, kwamba betri moja haitoshi na kwamba mguu mrefu wa taa ndio wa chanya, hahitaji kukaririshwa.

Katika kulehemu, yaani kuunganisha waya kwa metali iliyoyeyushwa, sina mzaha. Lehemu iliyozoeleka ina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo tunatumia isiyo na risasi, ingawa huyeyuka kwenye nyuzijoto zaidi ya 200 badala ya 183 hivi. Miwani huvaliwa, madirisha hufunguliwa, na mikono hunawiwa kwa sabuni kabla ya chai.

Vijana wakitaka kujua ufundi huu unaweza kumfikisha mtu wapi, huwatajia Bernard Kiwia wa hapahapa Arusha, aliyetoka kwenye ufundi baiskeli akawa mbunifu wa mashine zinazoendeshwa kwa pedali.

Mwalimu wa Moshi au kwingineko anayetaka kuanzisha karakana ya namna hii akusanye redio za betri na vichezeo vyenye mota kutoka kwa mafundi wa mtaani, lakini akatae televisheni za zamani na mikrowevu hata akipewa bure, kwa sababu ndani yake hubaki umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani.