Siku moja maishani mwangu: draiva ya NT 4.0 na hodi iliyopotea

Saa 1:40 asubuhi

Kabla hata sijanawa uso nimefungua laptop kuangalia jaribio la usiku, limekwama tena. Si kukwama moja kwa moja, ndo kinachoniudhi, linakimbia vizuri dakika kadhaa halafu linasimama sekunda moja hivi, linaendelea, linasimama tena, kama gari lililowekewa mafuta yenye maji.

Kwa wasiojua nafanya nini: kuna watu wana programu ya zamani inayokaa ndani ya Windows NT 4.0, ile ya 1996, programu haihamishiki na aliyeiandika keshaondoka zamani, kwa hiyo mashine nzima imeingizwa kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta nyingine, inayoendeshwa na QEMU na KVM juu ya Linux. Mimi naandika draiva (programu ya kuongea na kifaa) ya virtio, njia ya mtandao iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe, ili mtandao wa NT uache kutambaa. Ndiyo, mwaka huu, naandika draiva ya NT 4.0. Msinicheke.

Saa 3 asubuhi

Kikao kifupi, na swali ni lile lile la kila wiki, kwa nini usiwape e1000 au rtl8139, kadi za mtandao ambazo QEMU inaziigiza, ukamaliza? Jamani. Zile ni kadi za kuigiza. Draiva ya zamani iliandikwa kwa kadi ya kweli, inagusa rejista (visanduku vya amri na hali ndani ya kadi) bila kufikiria, lakini ndani ya mashine pepe kila ukigusa rejista CPU inatoka kwa mgeni (NT iliyo ndani) inaenda kwa mwenyeji (Linux iliyo nje), QEMU inajifanya ndo kadi, halafu ndo unarudishwa. Safari nzima kwa ajili ya namba moja! Intarapti moja tu, yaani kadi kuiita CPU, inakula safari kadhaa, soma sababu, zima, washa. rtl8139 ina nafasi nne tu za kutuma. NE2000, kadi nyingine ya kale, ndo usiseme, data inapita kwenye mlango mmoja wa biti 16, fremu ya baiti 1514 ni kusoma mara 757 kama draiva inachota neno moja moja.

Virtio haijifanyi kadi yoyote. Mgeni na mwenyeji wanashea foleni kwenye memori, mgeni anaweka pakiti, anapandisha namba ya foleni, anabisha hodi mara moja kwa kuandika kwenye mlango mmoja, basi. Na mwenyeji akiwa macho anaendelea kuchota, anaweka flagi (alama kwenye memori) ya kusema usibishe hodi, nipo. Hodi ndo ghali, kwa hiyo ukizipunguza umeshinda nusu ya vita. Na NT 4.0 ilikuja na NDIS 4, kanuni za Windows za draiva za mtandao, ambayo inakuruhusu kupokea pakiti fungu zima kwa mpigo kutoka juu, kwa Windows yenyewe, kwa hiyo fungu zima unalibishia hodi moja. Kuna watu 1996 walikuwa wanafikiria mbali, wapewe heshima yao.

Saa 5 asubuhi

tcpdump, programu ya kuchungulia pakiti zinavyopita, upande wa mwenyeji inaonyesha pengo, halafu TCP (inayohakikisha data inafika) inatuma tena pakiti ile ile, halafu kila kitu kinafunguka kwa pamoja. Nimeweka vihesabio ndani ya draiva. Wakati wa kusimama foleni ina pakiti, mwenyeji hajazichukua. Yaani kalala na mzigo uko mlangoni.

Nikamshuku vhost, ile sehemu ya keneli (moyo) ya Linux inayohudumia foleni bila kupitia QEMU. Nikaizima, kusimama kukapungua ila hakukuisha. Nikahamia kwenye intarapti, nikapoteza zaidi ya saa nzima huko bure, hilo ni kosa langu kwa sababu vihesabio vilishaniambia tatizo liko kwenye kutuma na mimi sikusikia.

Saa 7:15 mchana

Nimekula haraka haraka. Wakati nakula nikawaza, nikiwafunga wote kwenye koo moja (core, kiini kimoja cha CPU) je? Nikairudisha vhost, nikatumia taskset, amri ya kuchagua kazi ikae koo ipi, CPU ya mgeni na vhost wote juu ya koo moja ya mwenyeji. Polepole, lakini dakika 40 hakijasimama kitu. Nikawarudisha kwenye koo mbili, dakika tatu tu, kimesimama.

Hapo nywele zikanisimama.

Saa 8:30 mchana

Nikampigia mzee mmoja aliyenifundisha mambo ya draiva.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. NT imekushinda?"

"Haijanishinda, inanichosha tu." Nikamsomea zile mistari mitatu: napandisha namba ya foleni, nasoma flagi ya mwenyeji, kama haijawekwa nabisha hodi.

"Kati ya kuandika na kusoma kuna nini?"

"Hakuna kitu mzee, mgeni ana CPU moja, nizuie nini?"

Akacheka sana. "Mgeni ana moja. Mwenyeji je?"

Nilinyamaza kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Maana ndo hilo hilo! CPU za x86 zinaheshimu mpangilio karibu wote isipokuwa mmoja, ukiandika sehemu moja halafu ukasoma sehemu nyingine, kile ulichoandika kinaweza kuwa bado kiko mfukoni mwa koo yako, wengine hawajakiona, na wewe kusoma umeshasoma. Kwa hiyo draiva inapandisha namba, namba iko mfukoni, inasoma flagi inakuta "usibishe hodi", inakaa kimya. Dakika hiyo hiyo mwenyeji anamaliza kazi, anaondoa flagi, anachungulia foleni kwa mara ya mwisho, haoni kitu, analala. Hakuna aliyedanganya hapo, na pakiti imebaki mlangoni mpaka TCP ichoke itume nyingine, ile ya pili ndo inabisha hodi na mwenyeji anaamka anabeba zote. Kwenye koo moja haiwezi kutokea kwa sababu mfuko ni mmoja.

Kumbe hata Linux walipitia hili, keneli iliyojengwa kwa CPU moja ilikuwa inaona kizuizi, yaani amri ya kumwaga mfuko kabla ya kusoma, hakina kazi inakiondoa, mpaka 2016 wakaweka virt_mb maalumu kwa mgeni anayeongea na mwenyeji mwenye koo nyingi. NT yangu nayo imewekwa kwa CPU moja, inajiona iko peke yake nyumbani.

Saa 10 jioni

Dawa ni mstari mmoja. mfence, amri ya CPU ya kizuizi hicho, siwezi, ilikuja na kundi la amri za SSE2 kwenye Pentium 4 na kompaila ninayotumia haijawahi kuisikia, na pia sitaki draiva ianguke mtu akichagua modeli ya CPU ya kale. Nimetumia xchg, amri ya kubadilishana thamani, kwenye memori, hiyo inajifunga yenyewe tangu zamani na inamwaga mfuko wote kabla ya kuendelea. Namba, xchg, flagi. Juu yake nimeandika komenti kwa herufi kubwa: USIFUTE, HATA KAMA CPU NI MOJA.

Saa 2 usiku

Saa nne za kutuma faili kubwa, koo mbili, vhost imewashwa, halijasimama hata mara moja. perf kvm stat inaonyesha safari za kutoka kwa mgeni zimeshuka vibaya mno ukilinganisha na rtl8139. Nimefunga laptop nikajinyoosha.

Saa 4:10 usiku

Meseji ya mzee: "Na upande wa kupokea, ukiwasha intarapti unaangalia foleni tena?"

Sikujibu. Nimefungua laptop.