Namba 19, New King Street: Nilivyoanzia Chini

Babu yangu, ambaye alivua samaki Tanga kwa miaka mingi, alinifundisha sayari tano zinazoonekana kwa macho: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Kwake yeye Zohali ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ndiyo maana nilipokuja kusoma Bristol niliweka nadhiri ya kufika kwenye nyumba ambayo bustanini mwake, usiku wa tarehe 13 Machi 1781, William Herschel aliiona Uranus, sayari iliyo mbali kuliko Zohali, kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe. Nyumba hiyo ipo mjini Bath, namba 19, New King Street, na sasa ni makumbusho yake na ya dada yake, Caroline.

Rafiki niliyemwomba ushauri aliniambia kwamba hufunguliwa kila siku na kwamba nusu saa inatosha kuimaliza. Nilimwamini, nikafika nikakuta mlango umefungwa, nikarudi stesheni nimelowa mvua. Safari ya pili niliulizia siku mapema, lakini hata hivyo niliipita nyumba yenyewe, kwa kuwa imebanana na nyingine zinazofanana nayo. Fuata namba za milangoni, usitafute jengo kubwa.

Wageni walioingia pamoja nami walianza na vyumba vya juu. Mimi niliwaacha, nikashuka moja kwa moja hadi chini kabisa, palipo na jiko na karakana, na ninaona fahari kwamba nilifanya hivyo, maana nilipata karibu saa nzima peke yangu na mawe ya sakafu. Mawe hayo yana nyufa. Mwaka ule ule wa 1781, mwezi wa Agosti, Herschel alitaka kusubu kioo cha kuakisi mwanga, cha darubini kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, kwa kuyeyusha shaba na bati. Kalibu ilifinyangwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya farasi, ambayo ilibidi itwangwe na kuchekechwa, na Caroline alikuwa miongoni mwa waliotwanga. Madini yaliyoyeyuka yakavuja kutoka kwenye tanuru, yakatiririka sakafuni, na mawe yakapasuka na kuruka hadi darini, huku kila mtu akikimbilia mlangoni. Nilichuchumaa kwa muda mrefu nikiufuata ufa mmoja kwa macho. Hakuna picha wala maandishi ya ukutani yaliyonifanya niwahisi watu hao kuwa karibu nami kama ufa ule.

Ukishaiona karakana hiyo, vyumba vya juu vinakuwa na maana nyingine. Herschel alikuwa mwanamuziki, mpiga kinanda wa kanisa, na Caroline aliyemfuata kutoka Hanover mwaka 1772 alikuja kuwa mwimbaji. Ndugu yake aliposugua kioo kwa saa 16 mfululizo bila kuondoa mikono, Caroline ndiye aliyemlisha tonge kwa tonge. Baadaye alivumbua nyotamkia nane, na kuanzia mwaka 1787 mfalme akamlipa pauni 50 kwa mwaka kama msaidizi wa kaka yake. Inaniuma kwamba wengi hulitaja jina la kaka tu.

Bustani niliiacha iwe ya mwisho. Ni ndogo, imezungukwa na kuta, na anga inayoonekana hapo ni kipande tu. Walioiona Uranus kabla yake waliihesabu nyota, na Herschel naye mwanzoni alidhani ni nyotamkia. Nauli na kiingilio kwa pamoja vilinigharimu kama mlo mmoja wa mgahawani, na nilikaa muda uliozidi saa tatu.

Jioni nilipiga simu Tanga.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umepaona?”

“Nimepaona, babu. Nimesimama pale pale bustanini.”

“Na hiyo sayari ipo mbele ya Zohali kweli?”

“Mbele, babu. Umbali wake na jua ni kama mara mbili ya ule wa Zohali.”

Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimtamkie jina lake tena, polepole.